Maswali na majibu: Starke Hathaway na kipimo chake cha haiba

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu Starke Hathaway, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye, akishirikiana na daktari J. Charnley McKinley, alitunga dodoso la haiba, yaani hulka ya mtu, linalojulikana kwa herufi MMPI (Minnesota Multiphasic Personality Inventory). Nayajibu maswali yao hapa.

Ni shida gani iliyomsukuma kutunga kipimo hicho?

Hathaway alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Michigan, akakulia Ohio, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1932. Alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya chuo hicho, tiba mpya za magonjwa ya akili zilikuwa zikiingia, mojawapo ikiwa sindano za insulini kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhusiano na uhalisia. Ili kujua kama tiba inasaidia, ni lazima walioipata walinganishwe na wenzao wenye hali kama yao ambao hawakuipata. Lakini mgonjwa mmoja akionwa na madaktari wawili, aliweza kupewa majina mawili ya ugonjwa, hivyo ilikuwa vigumu kujua nani alinganishwe na nani. Madodoso yaliyokuwapo nayo hayakufaa kitu wodini.

Kauli za kipimo, yaani sentensi fupi ambazo mtu huzikubali au kuzikana, Hathaway alizitoa wapi, na alijuaje kwamba zinapima ugonjwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo ulipo ugunduzi wenyewe. Yeye na McKinley walikusanya kauli zaidi ya 1,000 kutoka vitabu vya tiba, madodoso ya zamani na maelezo ya wagonjwa, wakazichuja hadi zikabaki 504. Kila kauli iliandikwa kwenye kadi yake, na mgonjwa akapewa sanduku azigawe kadi katika mafungu matatu: kweli, si kweli, na siwezi kusema.

Kadi hizohizo walipewa pia watu waliokuja hospitalini kuwaona jamaa zao, ambao wao wenyewe hawakuwa chini ya matibabu. 724 kati yao ndio waliokuwa msingi wa ulinganisho. Hathaway hakujiuliza kauli fulani inaelekea kumaanisha nini. Alitazama tu kama wagonjwa wa sonona (huzuni nzito isiyoisha), kwa mfano, waliijibu tofauti na wale wageni, na tofauti ikionekana, kauli hiyo iliingizwa kwenye mizani ya sonona, yaani fungu la kauli ambazo alama zake hujumlishwa kupima ugonjwa huo, hata kama hakuna aliyeweza kueleza sababu. Ndiyo maana mtu anayekana kwamba mara nyingine huwachokoza wanyama huongezewa alama katika mizani hiyo, jambo ambalo hata daktari mzoefu asingelibuni akiwa mezani kwake. Huo, kwa maoni yangu, ni unyenyekevu wa hali ya juu katika sayansi: kukubali kufundishwa na majibu ya wagonjwa wenyewe.

Mtu akiamua kudanganya je?

Walilifikiria hilo tangu mwanzo. Waliweka kauli 15 zinazotaja makosa madogo ambayo karibu kila binadamu anayo, kama vile kukasirika mara mojamoja. Anayeyakana karibu yote anaonekana kuwa anajipamba, na majibu yake mengine husomwa kwa tahadhari.

Je, kipimo kilipokewa vizuri?

Mwanzoni, hapana. Wachapishaji walikikataa, hadi kilipotolewa na shirika la uchapishaji la chuo chake mwaka 1943. Baadaye kilienea kuliko vipimo vingi vya aina yake.

Ikiwa kililinganishwa na watu wa Minnesota tu, kina haki gani ya kuwapima wengine?

Msomaji huyu amegusa udhaifu mkubwa. Wale wageni wa hospitali walikuwa Wazungu wa eneo moja, wengi wao wakiwa na elimu ya takribani miaka minane, na kwa miongo kadhaa watu wa kila namna walipimwa kwa kulinganishwa nao. Ni toleo la mwaka 1989, lenye kauli 567, lililoweka msingi mpya wa watu 2,600 kutoka majimbo kadhaa ya Marekani. Kwa hiyo anayetaka kukitumia kipimo hiki kwa Kiswahili asidhani kwamba kutafsiri kauli kunatosha, kwani alama hazina maana mpaka ijulikane jinsi watu wa kawaida wa mahali hapo wanavyozijibu kauli hizo.

Hathaway mwenyewe hakukiona kipimo chake kuwa mwisho wa safari. Mwaka 1972, miaka 12 kabla ya kufariki, aliandika akiuliza ni wapi wataalamu wa fani yake walikosea hata maendeleo yakawa haba kiasi kile.