Kwa wanaoanza mbio za baiskeli za watu wenye ulemavu

Wadogo zangu mnaoniuliza mazoezi gani yatawafikisha kwenye mashindano ya dunia, naanza na jambo lisilotoa jasho: daraja. Katika mchezo wetu hupangwi kwa uzito kama bondia. Unapangwa kwa kile mwili wako unachoweza kufanya juu ya baiskeli. C1 hadi C5 wanatumia baiskeli ya kawaida, T1 na T2 ya miguu mitatu, H1 hadi H5 baiskeli ya mkono. B ni wasioona na wenye uoni hafifu, wanaokanyaga wakiwa kiti cha nyuma huku mwenzao anayeona akishika usukani mbele. Namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mkubwa zaidi.

Mimi nilikatwa mguu chini ya goti, naendesha na mguu bandia, niko C4. Aliyekatwa juu ya goti na asiyevaa mguu bandia kwa kawaida huwa C2. Tunaweza kupita barabara moja asubuhi moja na tusiwe wapinzani kabisa. Hata pale madaraja yanapounganishwa kwenye mbio za muda, yaani za kushindana na saa, muda wa kila mmoja huzidishwa kwa kigezo cha daraja lake ndipo mshindi apatikane. Kwa hiyo acheni kukata tamaa kwa sababu fulani amewapita Mbezi. Ulizeni kwanza yuko daraja gani.

Daraja la kimataifa hutolewa na jopo la wapimaji. Unafika mbele yao na baiskeli yako, mguu bandia wako na ripoti za hospitali, kisha wanakutazama tena ukiwa mashindanoni. Ukijilegeza makusudi ili upewe daraja la chini, huo ni udanganyifu na adhabu yake ni kufungiwa. Leseni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, hupitia chama cha taifa, kwetu CHABATA. Anzeni kukusanya faili la matibabu leo, maana kulifuatilia hospitalini huchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Sasa ngozi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona vijana wenye mapafu mazuri wakiishia kwenye vidonda. Joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, ni adui wa kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Jasho hujaa ndani ya soksi ya silikoni, mguu bandia unaanza kuteleza, na kila mzunguko wa pedeli unasugua palepale. Tena kigutu hupungua ujazo kadiri saa zinavyokwenda, hivyo soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoshika kigutu, iliyokubana vizuri alfajiri itapwaya baadaye. Simameni. Vueni, futeni jasho, vaeni soksi kavu mliyobeba mfuko wa nyuma. Usiku ioshwe kwa sabuni laini na ikauke kabisa. Ukiona wekundu usioondoka, pumzika hiyo kesho, hata kama ratiba inasema vingine.

Na soketi ya kutembelea si ya kuendeshea. Goti likipanda juu kabisa, ukingo wa nyuma unachimba nyama, kwa hiyo lazima ukatwe chini zaidi. Wengi wetu pia tunafupisha mkono wa pedeli upande huo ili goti lisikunjwe mno. Mafundi wetu wa viungo bandia wanajua kazi. Pale KCMC Moshi kipo chuo cha TATCOT, kinachofundisha hata wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Ila fundi hawezi kukisia. Mpelekee baiskeli karakana akuone ukikanyaga.

Mazoezi ya barabarani ni alfajiri. Dar ni tambarare, na hiyo ni neema kwa mbio za muda, ambapo kila mmoja anaondoka peke yake na hakuna mgongo wa kujifichia upepo. Kigamboni kuelekea Kimbiji utajifunza kushika kasi moja bila kupanda na kushuka. Kilima kitafuteni Pugu hadi Kisarawe. Taa ya nyuma iwake, na uwe umerudi kabla daladala na bodaboda hazijachangamka. Kwenye mchanga wa pembeni usifunge breki ya mbele.

Ndugu zangu mnaozunguka Kariakoo kwa baiskeli za miguu mitatu za kuzungusha kwa mikono, mna mtaji wa mabega ambao wengine wanaulipia. Jueni tu kwamba chombo cha mashindano ni kingine. Kuanzia H1 hadi H4 unalala chali karibu na lami, na mikono yote miwili inasukuma kwa pamoja. Mwafrika mwenzetu Pieter du Preez wa Afrika Kusini, aliyevunjika shingo baada ya kugongwa na gari, alitwaa dhahabu ya H1 ya mbio za muda kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Kwa watu wa H1 mikono yenyewe haina nguvu kamili, na bado alishinda.

Umri pia msiuogope. Sarah Storey wa Uingereza alianza kama mwogeleaji Barcelona 1992, akahamia baiskeli mwaka 2005, na Paris 2024 alifikisha dhahabu 19 za Paralimpiki.

La mwisho ni dawa. Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli, na duka la dawa liko kila mtaa. Lakini tramadol imo kwenye orodha ya dunia ya dawa zilizokatazwa mashindanoni tangu Januari 1, 2024, na kuna dawa nyingine nyingi kwenye orodha hiyo. Kama daktari amekuandikia kitu unachokihitaji kweli, upo utaratibu wa kuomba kibali cha matibabu, na ombi hupelekwa mapema kabla ya mashindano. Andika jina la kila kidonge unachomeza, na tarehe, kwenye daftari lilelile la mazoezi.