Nilimpangisha kijana, sasa namkuta shemeji yake

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina nyumba Mbagala, ya urithi tu, vyumba vya uani nimepangisha. Chumba na sebule nilimpa kijana mmoja mstaarabu, mkataba wa miezi sita. Mwezi wa nne nikaona dada kaingia na mtoto na mabegi, kuuliza naambiwa ni shemeji anapita wiki mbili. We! wiki mbili ikawa mwezi, mara kijana mwenyewe simwoni, kumbe kapata kazi Dodoma kaondoka kimyakimya kamwachia dada funguo. Nikimpigia "mama vumilia nakuja kukabidhi". Mkataba umeisha mwezi wa sita, dada ananitumia laki moja kwa simu kila mwezi, namjibu asante. Mdogo wangu anasema ning'oe mlango, huyo ni mvamizi tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hapo ulipopita mbio, hiyo laki na hiyo asante. Mpaka mwezi wa sita ungeweza kusema simjui, mgeni wa mpangaji, lakini mkataba umeisha, unapokea hela kwake, unashukuru, miezi inakatika, hizo meseji zote anazo kwenye simu yake na siku mkikaa mbele ya watu ndo atakazozitoa. Mvamizi halipi kodi mama, na wewe hupokei kodi ya mvamizi.

Mlango usiguse, wala usimkatie umeme, utageuka wewe mshtakiwa halafu mdogo wako atakuwa kwake kalala. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005 ndo maana watu wanadhani hakuna sheria, sivyo, mkataba ndo unaongea.

Kama unataka atoke, acha kupokea hela, mpe notisi ya maandishi, nakala kwa huyo wa Dodoma, mjumbe ashuhudie na ofisi ya serikali ya mtaa wagonge muhuri. Akigoma nenda baraza la kata, ila tangu 2021 hawa wanasuluhisha tu hawatoi hukumu, zikipita siku 30 hamjaelewana ndo unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya, na huko jiandae, tarehe zinapigwa wee.

Ila nikuulize, maana barua nimeisoma mara mbili: kosa lake nini? Analipa, hujasema ana kelele wala wageni wa usiku, naona kinachokuuma ni kwamba hukumchagua wewe. Mimi ningemwita, nichukue kopi ya kitambulisho na namba ya mdhamini, nimwandikie mkataba wake wa miezi mitatu kwanza, na humo kiandikwe kabisa kwamba chumba haachiwi mtu bila ruhusa yangu ya maandishi.

Na huyo wa Dodoma asikuzungushe na safari, akutumie meseji leo leo kwamba chumba kakabidhi, na kama ana deni la maji alitume pamoja.