Usilipe Jumatatu! Hicho kiwanja hujakiona bado (jibu refu, samahani)

Mkuu, funga pochi kwanza. Uzi wako sikuumaliza mara ya kwanza. Niliishia pale ulipoandika kwamba kiwanja ni "tambarare safi, hakihitaji hata kusawazishwa", tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, Agosti 2019, hapa hapa Tabora, nikacheka kwa furaha kama mjinga.

Nimerudi nikasoma hadi mwisho. Unauliza kama milioni 3.5 ni bei ya haki kwa 20 kwa 25, dalali apewe ngapi, uchimbe choo cha shimo au ujenge cha kuflashi chenye karo, maji ya bomba yanavutwaje, na shule ya mtoto wa darasa la pili. Na unasema dalali anakuharakisha kwa sababu kuna mteja wa Dar anakuja na hela mkononi. Nitakujibu yote. Ila kiwanja chenyewe umekiona lini? Umesema wiki iliyopita. Yaani Oktoba. Basi hujakiona, umeona picha yake.

Watu wa historia wanajua kwamba Januari 1958 TANU walikaa mkutano mji huu huu wakafikia ule "uamuzi wa busara" wa kushiriki uchaguzi wa serikali ya mkoloni. Miaka 61 baadaye na mimi nikakaa kikao hapa hapa Tabora, chini ya mwembe, na dalali mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Uamuzi wangu hauna sanamu popote.

Mtaa siutaji maana bado naishi humo na majirani wanasoma humu. Tulifika saa nne asubuhi, jua limewaka, upepo wa kiangazi ule wa vumbi jekundu. Eneo limenyooka, huoni jiwe. Ardhi nyeusi, imepasuka nyufa za kutosha kutumbukiza kidole. Najua kwa sababu nilitumbukiza. Mke wangu akauliza, "Mbona imepasuka hivi?" Dalali hakupepesa jicho: "Hiyo ni kiu tu, mama. Udongo wenye rutuba unakunywa sana." Tukatikisa vichwa, watu wazima wawili.

Wakati tunapiga hatua kuhesabu mita, mwanetu alikuwa anaokota vigamba vyeupe vya konokono. Alijaza kopo la majarini. Kopo zima! Alinionyesha, nikamwambia aache kuchezea uchafu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshika mkononi ripoti yote ya mtaalamu wa ardhi, baba yake akamwambia atupe.

Halafu kuna hili ambalo hadi leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Nyumba zote za jirani zilikuwa na kijiukuta cha tofali mlangoni, kimo cha goti, hivi kwamba ili uingie ndani lazima unyanyue mguu. Nyumba zote, mkuu. Nikauliza hivi ni vya nini. Dalali: "Vya kuzuia kuku wasiingie ndani."

Vya kuzuia kuku.

Nikaangalia huku na huku, sikuona kuku hata mmoja, na bado nikaamini. Yule bwana nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri tu, "Shikamoo bosi", na tumbo lake. Sijui kama nimchukie kwa uongo au nimheshimu kwa wepesi wa kufikiri. Namchukia.

Mwenye shamba naye alikuwepo, mzee wa makamo, kimya, kofia ya kufuma. Nilimwuliza kwa adabu, "Mzee, ardhi hii ina tatizo lolote?" Akanijibu, "Mwanangu, ardhi hii haijawahi kuninyima chakula." Nikaona hiyo ni baraka ya mzee. Ilinichukua miezi mitano kuelewa kwamba mzee hakusema uongo hata kidogo. Alikuwa analima mpunga. Nilinunua jaruba. Matuta yake yalikuwa yameshasawazishwa kwa jembe wiki mbili kabla hatujafika, na mabua ng'ombe walishakula.

Milioni 2.5 nikalipa. Mwenyekiti akagonga muhuri, mashahidi wakasaini, kila mtu akapata soda. Nakutajia hili kwa sababu umejisifu kwamba "taratibu zote za serikali ya mtaa zimefuatwa". Zangu pia zilifuatwa. Muhuri ulitoka vizuri, wino wa zambarau, herufi zote zinasomeka. Muhuri unasema nani amemuuzia nani, hausemi maji yanapita wapi. Ofisi ya ardhi ya manispaa, ambako ningeweza kuomba kuangalia mchoro wa mipango miji nione eneo limepangiwa nini, nilienda baada ya kununua. Kijana wa mapokezi aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mtu aliyekuja na mguu umeshaoza.

Fundi akachimba msingi futi mbili. Jembe lilikuwa linadunda. "Hapa panabeba ghorofa," akasema. Na ni kweli, udongo ule wa mfinyanzi ukikauka ni kama saruji. Ukilowa unavimba, ukikauka tena unasinyaa, na kila mwaka nyumba yako inapandishwa na kushushwa kama mgonjwa kwenye machela. Hilo fundi hakuniambia, labda hata hakujua, yeye kwao ni mchangani. Tukachimba na choo cha shimo, futi 12, pakavu hadi chini. Nilishuka mwenyewe kwa kamba kukagua, nikapiga na picha. Vyumba viwili na sebule, tofali za kuchoma, bati. Tukahamia wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ndiyo zimeanza, tunasifu ubaridi.

Januari 2020 ilinyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu nikaamka kwenda haja, nikashusha mguu kutafuta ndala. Ndala hazipo. Nikashusha mguu wa pili nikakanyaga maji ya baridi hadi kwenye kifundo. Nikamulika kwa simu, nikaziona ndala zangu ziko mlangoni, zinaelea pamoja, moja mbele moja nyuma, kama zinaondoka. Hayakuwa mafuriko ya kwenye taarifa ya habari, hakuna kitu kilichobebwa. Maji hayakuwa na haraka. Yalipanda tu, yakakaa, yakazoea. Yalikaa wiki tatu.

Unajua maji ya Ziwa Victoria yameletwa hadi Tabora kwa bomba, mradi mkubwa, mamia ya kilomita. Kwangu yalikuja mengine bila bomba, bila mita na bila bili.

Asubuhi watoto wa mtaa walikuwa nyuma ya jiko langu wanapiga kelele. Wamekamata kambare. Kambare, mkuu, kwenye kiwanja cha makazi! Yule mama jirani akasimama nyuma ya kile kijiukuta chake cha kuzuia kuku, nyumba yake kavu, akaniambia kwa upole kabisa: "Pole baba Shija. Nilipowaona mnapima nilidhani mnataka kulima." Nikamwuliza kwa nini hakusema wakati najenga. "Hukuniuliza, baba. Ulikuwa na dalali."

Sasa choo. Hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndiko kwenye swali lako na ndiko nilikovuliwa nguo. Lile shimo la futi 12 lilijaa kutoka chini. Maji ya ardhini yalipanda hadi yakabaki kama futi moja kufika kwenye tundu. Huwezi kuchungulia, na huhitaji kuchungulia. Na wiki hiyo hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutuona nyumba mpya. Mama wa watu akaenda chooni, akarudi haraka kuliko alivyokwenda, akakaa. Heshima ya ukwe haimruhusu kuniambia mimi, akamwita mwanawe pembeni, nami nasikia kupitia dirishani: "Mwanangu, kule nyuma... kumenirudishia." Kesho yake akakumbuka kuna msiba Urambo. Hakuna msiba Urambo. Mpaka leo akija Tabora anafikia kwa shemeji.

Ningecheka kama ingeishia hapo. Jirani wa upande wa chini ana kisima cha kuchimba kwa mkono. Maji yalipoungana juu ya ardhi, na chini yaliungana. Mtoto wake mmoja aliugua tumbo akalazwa siku nne. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo na hakuna aliyethibitisha kitu, ila nilijua shimo liko wapi na kisima kiko wapi. Ni hatua kama ishirini. Nilikwenda hospitali na machungwa, nikashindwa hata kukaa kwenye kiti.

Dalali nilimpigia siku hiyo hiyo. "Bosi, mwaka huu mvua ni za ajabu, hata redioni wamesema." Sawa. Ya 2021 ilipokuja nikampiga tena, akasema mvua za mwaka huu ni za ajabu.

Hesabu yangu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu: kifusi tripu 14 kwa 70,000, hiyo ni 980,000. Choo kipya milioni 1.1, kwa sababu kimebidi kijengwe juu, kuta za shimo zimepandishwa kwa bloku na saruji kutoka ardhini, unapanda ngazi nne kwenda kujisaidia. Watoto wanakiita ghorofa. Ukiwa umekaa mle mtaa mzima unajua. Kuziba nyufa, kuongeza mkanda wa zege na kurudia sakafu, milioni 1.3. Jumla milioni 3.38, imezidi bei ya kiwanja chenyewe, na hapo sijaweka godoro, unga gunia moja, wala heshima yangu ukweni. Na ndiyo, nina kijiukuta mlangoni. Kimo cha goti. Wageni wakiniuliza nawaambia ni cha kuku.

Kwa hiyo, mkuu: kiwanja hapa kwetu kinakaguliwa Januari au Februari, mvua ikishanyesha siku mbili tatu, kwa miguu yako mwenyewe, bila dalali. Huku mvua zinaanza Novemba zinaisha Aprili, huna muda mrefu wa kusubiri. Mteja wa Dar mwache alipe. Kama yupo. Mimi wangu alikuwa wa Mwanza, na yeye hajawahi kufika.

Utaniambia huwezi kusubiri, najua, kodi ya nyumba inakuuma. Basi kesho rudi pale peke yako. Angalia rangi ya udongo, mweusi na wenye nyufa geuka nyuma. Ule wa kichanga, mwekundu au wa kijivu kwenye mwinuko, endelea kuangalia. Tafuta vigamba vya konokono, tafuta matete na ndago. Angalia kuta za majirani chini kabisa, kama plasta imebadilika rangi kwa mstari mmoja ulionyooka nyumba hadi nyumba, huo mstari haukuchorwa na fundi rangi. Angalia milango! Kisha panda bodaboda, usimwambie unanunua, mwulize tu hapa Februari anakuleta kwa shilingi ngapi. Akitaja bei mara mbili ya kawaida, au akisema "masika nakushushia kule barabarani unamalizia kwa mguu", umeshapata jibu kwa nauli ya buku. Na mwulize mama anayeishi nyuma ya kiwanja. Mwulize, usingoje akuambie. Mwulize hivi: "Mama, hapa wanalima nini?"

Wapo watakaokuja hapa chini kusema kila eneo linajengeka, weka tu kifusi na msingi wa nguzo. Ni kweli, ukiwa na hela ya kuchimba hadi kwenye udongo mgumu wa kweli, kujaza moramu na kumlipa mhandisi. Mwenye hela hiyo hanunui kiwanja kwa dalali wa chini ya mwembe.

Choo cha shimo au karo: kama maji ya ardhini yanapanda, vyote viwili vinajaa, tofauti ni kwamba karo linajaa kwa gharama kubwa zaidi. Bei siwezi kukuambia ni ya haki wakati hatujui unauziwa kiwanja au bwawa. Dalali mpe pole. Maji ya bomba sijui wanachaji ngapi siku hizi, nenda ofisini kwao uulize umbali wa bomba kubwa.

Shule nilikuwa na la kusema, limenitoka. Wangu anasoma ya jirani, nzuri tu, dakika kumi kwa mguu. Februari anakwenda mgongoni kwangu, viatu vyake kashika mkononi, na ananielekeza pa kukanyaga maana yeye ameshajua matuta ya zamani yalipokuwa.