Usizalishe nakala za mkataba leo ukamwandika mmiliki kesho

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mtandao upi ni nafuu kwa mkataba wa blokcheni (programu inayoshika hela kwenye daftari la pamoja la mtandaoni) unaojizalisha, kila kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, Dodoma, kipate nakala yake ya kuwekea michango. Halafu ukasema nakala utazizalisha leo, wenyeviti utawaandika kuwa wamiliki kesho ukishapata anwani zao za pochi za mtandaoni. Hiyo kesho ndiyo iliyotuponza sisi.

Nakala za EIP-1167, kiwango cha kunakili mikataba kwenye blokcheni ya Ethereum, ni nyepesi, msimbo wake ni baiti 45 tu, kazi yote inafanywa na mkataba mama. Ila nakala haiendeshi konstrakta, ule msimbo unaofanya kazi mara moja tu mkataba unapozaliwa. Inazaliwa haina mwenyewe, kama kiwanja kisicho na hati, na yeyote atakayewahi kuita fanksheni ya kuanzisha ndiye mmiliki. Ethereum haimjui mwenyekiti wala mhazini. Kuna maroboti yanavizia mikataba ya namna hiyo usiku na mchana.

Kikundi chetu cha Mpunguzi kilishaanza kuchangia, maana mwalimu wa semina alituhakikishia kwamba mkataba ukishajizalisha unajilinda wenyewe. Muamala wa kumwandika mhazini ukakataliwa: nakala imeshaanzishwa. Kuangalia sehemu ya mmiliki, anwani hatuijui. Salio sifuri. Mama wa watu kauza zabibu zake kwa jua lile, hela inachukuliwa na mtu asiyejua hata Mpunguzi iko wapi! Na yule mwalimu alikula ada zetu, hadi leo anatangaza darasa lile lile. Inaniuma sana.

Wakubwa nao yamewakuta. Novemba 2017 mkataba mama wa pochi za Parity, kampuni ya programu za Ethereum, uliachwa bila mmiliki. Mtu akajiandika, kisha akauua. Pochi 587 zilizoutegemea zikaganda na zaidi ya ETH (sarafu ya Ethereum) 513,000, na hazijafunguka.

Kwa hiyo kuzalisha na kumwandika mmiliki viwe ndani ya muamala mmoja, mkataba kiwanda, yaani ule unaozalisha nakala, ufanye vyote kwa pamoja. Kimoja kikishindikana, vyote vinafutika. Mkataba mama nao ufunge ndani ya konstrakta yake, siku hiyo hiyo unapoupandisha, asije mtu akajimilikisha.

Anwani za wenyeviti kusanya kwanza, hata kama itabidi uzunguke kijiji kwa kijiji. Halafu weka msimbo hapa tuukague kabla senti ya mkulima haijaingia.