Nyaraka za Kisiasa: Chuo Kikuu Kipokee Zipi, Kiache Zipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimojawapo hapa Dodoma. Uongozi umeamua kuanzisha chumba cha nyaraka, na mkuu wetu ameelekeza tuanze na nyaraka za kisiasa kwa kuwa tupo makao makuu ya nchi. Kabla hatujapata hata rafu za kutosha, familia moja ya Mpwapwa imetuletea masanduku mawili ya bati ya marehemu baba yao, aliyekuwa katibu wa tawi la chama na baadaye diwani. Baadhi ya wenzangu wanasema huyo hakuwa kiongozi mkubwa, hivyo tungoje mawaziri na wabunge. Wengine wanahofu kwamba tukipokea nyaraka za chama kimoja tutaonekana tumeegemea upande. Tufuate kigezo gani?

JIBU: Ndugu Mkutubi, pokeeni masanduku ya Mpwapwa na msingoje mawaziri. Nasema hivyo nikiwa nimezipima hoja za wenzako, ambazo si za kupuuzwa. Kila karatasi inayofika mlangoni kwenu iulizwe kwanza swali moja: yuko nani mwingine mwenye wajibu wa kuitunza? Akiwepo, mwachieni yeye. Asipokuwepo, na karatasi yenyewe ikawa inaonyesha jinsi siasa ilivyoendeshwa katika mikoa hii ya kati, hiyo ni yenu, awe aliyeiandika ni waziri au ni balozi wa nyumba kumi.

Wenye wajibu huo nchini si wachache. Majalada ya wizara, mikoa na wilaya ni kumbukumbu za umma, na kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 yako chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kwa kawaida hufunguliwa kwa watafiti yanapotimiza miaka 30. Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, huchapishwa na Bunge lenyewe. Kumbukumbu za Mwalimu Nyerere na za Sheikh Karume zina sheria yake ya mwaka 2004, ile ya kuwaenzi waasisi wa taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa East Africana, ambamo zimo nyaraka za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika sana kuhusu mila na sheria za makabila yetu. Mkijaribu kushindana na hao mtajaza rafu zenu kwa nakala za vitu ambavyo mtafiti anaweza kuvipata kwingine. Waziri mstaafu akiwaletea hotuba zake zilizochapwa na Hansard zilizojalidiwa vizuri, mshukuruni kwa adabu, kisha mwombeni barua zake.

Sasa mtazameni diwani wenu. Tangu 1965 chama Tanzania Bara kilikuwa kimoja tu kisheria, kwanza TANU, kisha CCM kuanzia tarehe 5 Februari 1977. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na hazikurejea hadi 1984. Kwa miaka yote hiyo 12, mwananchi wa kijijini aliyekuwa na hoja kuhusu shamba, kisima au shule hakuwa na halmashauri ya wilaya ya kuipelekea. Aliipeleka kwa balozi wake, ikapanda hadi kwenye tawi, na aliyeiandika huko alikuwa katibu wa tawi. Katika kipindi hicho hicho mkoa wa Dodoma ulipitia Operesheni ya mwaka 1971 ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, kisha ikaja Sheria ya Vijiji ya 1975. Majalada ya serikali yanaeleza amri zilivyoshuka. Jinsi zilivyopokelewa, zilivyobishaniwa na zilivyokwepwa, hayo yamo katika madaftari kama hayo yaliyo sakafuni kwenu.

Nimewahi kusoma daftari moja la vikao vya tawi la miaka hiyo, kaunta buku lenye jalada gumu lililoliwa na mchwa upande mmoja. Ajenda ya tatu ilihusu trekta ya kijiji. Katibu aliorodhesha majina ya waliokataa kuchangia mafuta, kisha, bila shaka baada ya mazungumzo ambayo hayakuandikwa, akayakata kwa mstari mmoja mwembamba ulioyaacha yakisomeka. Pambizoni mtu mwingine mwenye mwandiko wa herufi kubwa ameandika: “Suala limemalizwa na wazee.” Hakuna hotuba ya kiongozi yeyote inayoweza kunieleza kwa undani kiasi hicho namna madaraka yalivyogawanywa baina ya chama na wazee katika kijiji kimoja cha Ugogo.

Hoja hiyo ihamishieni na mjini. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ulifanywa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliiita CDA, ilisimamia viwanja vya mji huu hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Majalada ya Mamlaka hiyo ni ya umma na yana mwenyewe. Lakini barua walizoziandika wakazi kudai fidia, orodha za wanakamati wa mtaa, na nakala za majibu waliyopewa, ziko katika kabati za nyumba za watu, na wazee waliozitunza wanaondoka mmoja mmoja. Kama ningekuwa katika nafasi yenu, ningezifuata hizo kabla ya kubisha hodi kwa mbunge yeyote.

Kuhusu hofu ya kuegemea upande, naichukulia kwa uzito, kwa sababu chumba cha nyaraka kikishapata sifa ya kuwa cha kambi fulani, kambi nyingine haitakiamini tena. Kinga yake ni sera iliyoandikwa na kupitishwa na Seneti ya chuo kabla ya zawadi ya pili kufika, inayosema wazi kwamba mnapokea nyaraka za vyama vyote, za wagombea walioshindwa sawa na walioshinda, na za vikundi vya wananchi visivyo na chama. Kisha sera hiyo itekelezwe kwa vitendo: andikeni barua siku moja kwa ofisi za wilaya za vyama vyote, na mtunze nakala za barua hizo. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, walio wengi walitaka chama kimoja kiendelee. Ni takriban asilimia 20 tu waliotaka vyama vingi, na bado vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992. Mtu anayetaka kuielewa nchi hii leo anahitaji kujua hao wachache walikuwa akina nani na walisema nini. Vivyo hivyo, katika uchaguzi wa 1995 mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, Augustino Mrema, alipata takriban asilimia 28 ya kura. Lakini chama kinachopanga chumba kimoja kwa ofisi ya wilaya hakina masjala. Kodi ikikishinda, karatasi hutupwa pamoja na mabango.

Yako mambo ambayo hamtayapokea hata mkisihiwa. Jalada la serikali lililopigwa muhuri wa siri, likikutwa ndani ya sanduku la mstaafu, halikugeuka kuwa mali ya familia kwa kukaa uvunguni. Liwekeni kando bila kulisambaza na mwasiliane na Idara ya Kumbukumbu. Daftari la mihtasari ya tawi nalo kwa haki ni la chama, hivyo ombeni ridhaa ya ofisi ya chama ya wilaya, na ikibidi mbaki na nakala, asilia irudi kwao. Lipo pia rundo la barua za shida: mjane anaomba karo, mgonjwa anaeleza maradhi yake kwa jina. Huko Marekani, ambako karatasi za ofisi ya mjumbe wa Kongresi huhesabiwa kuwa mali yake binafsi na nyingi huishia katika vyuo vikuu vya jimboni kwake, barua za aina hiyo ndizo zinazojaza maboksi mengi na kuwasumbua zaidi watunzaji. Msizichome, kwa sababu ndani yake mwananchi anazungumza mwenyewe. Zifungeni kwa muda mrefu, na mwandike katika orodha kwamba zimefungwa na hadi lini.

Kabla masanduku hayajaingia chumbani, yakaguliwe mchwa nje ya jengo. Msipange upya karatasi kwa mada au kwa tarehe. Mpangilio alioufanya marehemu ni sehemu ya ushahidi. Na hati ya makabidhiano isainiwe na warithi wote, ikitaja nani anamiliki, nini kifungwe, na yale msiyoyahitaji yarudishwe kwa nani.

SWALI: Mama yangu alikuwa kiongozi wa UWT, umoja wa wanawake wa chama, wilayani Kondoa kwa miaka mingi. Ameacha barua, picha na shajara. Kaka zangu wanaona hazina maana kwa chuo kikuu kwa kuwa hakuwahi kugombea ubunge. Mimi naona zina maana, ila shajara inataja ugomvi wa ndani ya ukoo. Nifanyeje?

JIBU: Pole kwa msiba, dada yangu. Kaka zako hawajaitendea haki kazi ya mama. UWT ilianzishwa mwaka 1962, na kwa wanawake wengi wa vijijini ndiyo iliyokuwa njia yao ya kuingia katika vikao. Hata hivyo kazi yao mara nyingi imeandikwa katika taarifa za wengine kwa sentensi moja, kwamba kina mama walishiriki. Barua za mama yako zinaweza kuonyesha walishiriki kwa lipi na kwa gharama gani. Zitoeni. Shajara si lazima iende pamoja nazo. Mnaweza kuibakiza nyumbani, au kuikabidhi kwa sharti la kufungwa hadi wote waliotajwa wawe wamefariki. Msikubali kamwe kuchana kurasa. Kwenye migongo ya picha andikeni kwa penseli majina ya mnaowatambua, na kazi hiyo ifanywe sasa, shangazi na mama wadogo wakiwa hai wa kuulizwa.

SWALI: Niko Singida. Kampeni yetu ya udiwani iliendeshwa karibu yote kwa kundi la WhatsApp. Je, chuo kinaweza kulipokea kundi kama nyaraka?

JIBU: Kinaweza, na kinapaswa, lakini si kwa wewe peke yako kulikabidhi. Ndani yake mna namba za simu, sauti na maneno ya watu ambao hawakukusudia yasomwe na wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa ninyi na chuo pia. Waombeni wanakundi ridhaa ndani ya kundi lenyewe. Hamisheni mazungumzo pamoja na picha na sauti zake kwenye faili mapema, kwa kuwa simu ikiibiwa au ikiharibika hakuna sanduku la bati la kurudi kulifungua. Asiyekubali, jina na namba yake vifichwe katika nakala itakayosomwa, na ile kamili ibaki imefungwa kwa muda mtakaokubaliana na chuo kwa maandishi.