Kifaru cha 1:10: anza na mnyororo, mzinga utangoja

Hapa Nakuru ukisema una kifaru nyumbani, watu hudhani umemwiba mbugani. Changu hakili nyasi. Ni cha chuma, urefu wake sentimita 58, na kila kinachopaswa kusogea kinasogea: mnyororo unazunguka, springi zinabonyea, na kona kinaikata kwa difu, yaani gia zinazogawa mwendo kati ya pande mbili, kama ilivyofanya Sherman M4 yenyewe, kifaru cha Wamarekani cha Vita vya Pili vya Dunia. Kilinila Jumapili za miaka mitatu, na kazi ya mwaka wa kwanza karibu yote niliiuza kwa kilo kwenye chuma chakavu. Sasa kuna vijana wawili hapa Kaptembwo wanaotaka kuanza chao. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, chagua kifaru ambacho vipimo vyake vinapatikana. Mimi nilichukua Sherman kwa sababu babu alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, na vifaru vya aina hiyo vilitumika huko. Lakini sababu ya maana zaidi ni kwamba vilitengenezwa zaidi ya 49,000, na vitabu vya jeshi la Marekani vya kuvirekebisha bado vinasomeka hadi leo, na michoro ya kila bushi imo. Ukichagua kifaru cha ajabu kilichotengenezwa vinne tu, nusu ya kazi yako itakuwa kubahatisha.

Kipimo cha 1:10 kinarahisisha hesabu. Sherman ina urefu wa mita 5.84 na upana wa mita 2.62, kwa hiyo yako itakuwa milimita 584 kwa 262. Ila usisahau uzito. Urefu hugawanywa kwa 10, uzito hugawanywa kwa 1,000, maana unapunguza pande tatu kwa pamoja. Tani 30 zinakuwa kilo 30. Weka akilini hesabu hiyo, itakurudia kwenye springi.

Mgeni wa kazi hii huanza na bodi na mzinga, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Nami nilianza hivyo. Nikapata sanduku zuri la mabati, nikalipiga picha, nikasifiwa, halafu mnyororo ukakataa kuingia chini yake.

Mnyororo wa Sherman una pingili 79 kila upande. Kila pingili ina pini mbili, na pingili mbili jirani hushikwa na viunganishi viwili, kimoja kila ncha, na meno ya sproketi, gurudumu linalouzungusha mnyororo, hushika hapo kwenye viunganishi. Hesabu pande zote mbili: pingili 158, pini 316, viunganishi 316. Pini nilizikata kutoka spoki za Blackmamba kuukuu. Gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, na kila spoki ikatoa pini tano, hivyo baiskeli moja ilitosha na nikabaki na akiba. Mpira wa pingili niliupata kwa fundi wa akala, mabaki ya tairi ambayo yeye huyatupa. Na haikuwa ujanja wa maskini tu, kwani Sherman nyingi zilitembea juu ya mpira hasa. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 mpira ukawa adimu, Wamarekani wakalazimika kubuni pingili za chuma.

Sasa kosa langu. Seti ya kwanza nilitoboa kwa jicho, alama ya kalamu na keekee ya mkono. Kila pingili ilionekana sawa. Lakini umbali kutoka pingili hadi pingili unapaswa kuwa milimita 15.24, na ukikosea milimita 0.2 tu, mara 79, umepotea karibu milimita 16. Hiyo ni zaidi ya pingili nzima! Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, kifaru kikawa kinajikokota kando kama kaa, na sproketi ikawa inapanda juu ya viunganishi na kuvipinda.

Kwa hiyo kabla hujatoboa pingili moja, tengeneza kiolezo. Mimi nilitumia kipande cha springi ya pikapu: nikakilainisha kwa moto, nikakitoboa kwa mashine ya kusimama, nikakikaza tena. Kimoja cha pingili, kingine cha viunganishi. Vipande vyote 474 vikapita kwenye matundu yale yale. Kama kiolezo chenyewe kimekosea kidogo hakuna shida, mradi kosa ni moja kwa vipande vyote.

Na sproketi ikatwe mwisho. Unga pingili 20, zivute zinyooke, pima urefu wote, gawanya kwa 20. Mimi nilipata 15.4 badala ya 15.24. Sproketi ya Sherman ina meno 13, kwa hiyo zidisha umbali huo kwa 4.18 upate kipenyo cha duara la meno. Changu kikawa milimita 64.4 badala ya 63.7. Gurudumu nililokata mapema kwa kufuata kitabu halikunifaa kitu.

Usipake mnyororo grisi. Jina la mji huu husemwa limetoka kwa Wamaasai, likimaanisha mahali pa vumbi, na mwezi wa pili hakuna atakayebisha. Vumbi na grisi vikichanganyika huwa msasa. Acha mnyororo mkavu. Grisi ni ya gia zilizofungiwa ndani.

Kwenye springi ndipo watu wengi huniona kama nadanganya. Ukipunguza springi ile ile mara 10 kwa kila kipimo, ugumu wake hupungua mara 10 tu. Mzigo umepungua mara 1,000. Basi haitabonyea; kifaru kitapita juu ya jiwe kama meza inayoburutwa. Ili ibonyee kwa kiasi kinacholingana na kifaru chenyewe, waya uwe mwembamba karibu mara 1.8 kuliko skeli inavyodai, huku upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko vikibaki vya skeli. Na usinunue waya kabla hujajua uzito kamili, betri ikiwemo. Changu nilikipima kwa mizani ya muuza viazi: kilo 22, kwa sababu bodi niliifanya nyembamba kuliko inavyotakiwa.

Nguvu ni ya drili ya betri ya mtumba. Sherman ilikimbia kama kilomita 38 kwa saa barabarani, yaani 3.8 kwa skeli, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Hapo sproketi huzunguka kama mara 320 kwa dakika, na drili nyingi kwenye gia ya chini hufika hapo. Mota ya wipa nilijaribu. Ina nguvu lakini inatambaa.

Wengi huweka mota mbili, moja kila upande, na kifaru hugeuka papo hapo kama pia inayozunguka. Inafanya kazi, siwalaumu, lakini Sherman haikuwa hivyo. Injini ilikuwa moja, nyuma, na shafti ikapita katikati hadi difu ya mbele yenye ngoma mbili za breki. Dereva akivuta mkono wa kushoto, ngoma ya kushoto inakamatwa, gia za ndani zinalazimika kutembea juu yake, upande wa kushoto unapunguza mwendo na wa kulia unaongeza kwa kiasi hicho hicho. Hakuna mnyororo unaosimama kabisa. Difu hii ilinichukua miezi minane, gia zikitoka kwenye mashine za fotokopi zilizokufa. Ukishindwa, weka mota mbili kwanza na uache nafasi ya difu.

Bodi ni mabati, tupa na uvumilivu, sina mengi. Mzinga uwe nondo isiyo na tundu, usije ukamweleza askari wa doria jambo ambalo hana haja ya kulisikia.

Watoto wa ploti huniuliza kwa nini hakigeuki mahali pamoja kama cha dukani. Sherman ilihitaji duara la kipenyo cha karibu mita 19 kugeuka. Huwa nawachorea kwa chaki kwenye saruji duara la mita 1.9, nawapa rimoti, na anayegusa chaki anampisha mwenzake.