Dila hajafikisha kwini, mbona plei yangu imerudi bila faida?

Swali: "Habari mtaalamu. Juzi nilikaa meza ya Three Card Poker, ile poka ya karata tatu ya kasino, ndio kwanza najifunza. Niliweka chipu 5 kwenye ante nikapata 7 8 9, nikafurahi kinoma nikaongeza 5 kwenye plei. Dila akafungua J 8 3, akasema hajakwalifai, akanilipa 5 za ante basi, zile za plei akanirudishia hivi hivi. Hapo sijaibiwa kweli, si mimi ndio nilikuwa na karata kali? Halafu naomba unieleze wakati gani wa kutupa na wakati gani wa kuendelea maana mimi naenda kwa hisia tu. Na ule mduara wa pea plasi unafaa au ni mtego?"

Jibu: Kaka, kwenye plei hujaibiwa, ila kuna chipu 5 zako nyingine umeziacha mezani na wala hujajua kama umeziacha. Tulia, tutafika hapo. Nimegawa karata kwenye meza hiyo miaka kadhaa kabla sijaanza kufundisha madila wapya, na hili la plei kurudi tupu ndilo linaloudhi wachezaji wageni kuliko kitu kingine chochote, wengine wanaondoka wamenuna kabisa.

Mchezo wenyewe aliubuni Mwingereza anaitwa Derek Webb, mwaka 1994, na uzuri wake ni kwamba hupambani na wenzako mezani, kila mtu anapambana peke yake na dila, yaani mgawa karata wa kasino. Kwa hiyo hakuna kutishana, kunja uso unavyotaka, dila hana uamuzi wowote wa kufanya, yeye anafungua tu na kulipa au kubeba. Pakiti ni moja, karata 52, jokeri hamna. Unaweka ante, yaani dau la kwanza, unapewa karata tatu na dila anajigawia tatu za kifudifudi, unaangalia zako, halafu una njia mbili tu: utupe na ante iende zake, au uweke plei, dau la kuendelea, ambayo lazima iwe sawasawa na ante, hairuhusiwi kupunguza wala kuongeza. Basi. Kichwa chako kinafanya kazi hapo tu, kwingine kote ni bahati.

Dila akifungua, kitu cha kwanza kinachoangaliwa ni kama amefikisha kwini, yaani awe na Q kwenda juu au pea (karata mbili za namba ile ile) au kitu kikubwa zaidi ya hapo. Amefikisha, mnapimana: ukimshinda unalipwa 1 kwa 1 kwenye ante na 1 kwa 1 kwenye plei, akikushinda anabeba zote mbili, mkitoka sare zote zinarudi kwako. Hajafikisha, ante inalipwa 1 kwa 1 na plei inarudi kama ilivyo, hata uwe umeshika nini. J 8 3 haina kwini, kwa hiyo dila wako alikuwa sahihi.

Inauma, najua. Na sitakudanganya kwamba sheria hiyo imewekwa kukusaidia wewe. Pakiti ya karata 52 inatoa mikono 22,100 ya karata tatu tatu, na katika hiyo 6,720 haifikishi kwini, hiyo ni kama 30 kati ya kila 100. Sasa fikiria, hizo ndizo mara ambazo dila ni dhaifu kabisa na wewe ungemla kiulaini, na ndizo hizo hizo ambazo plei yako hailipwi. Kasino inakula hapo, na inakula tena pale unapotupa karata zako kabla hujajua kwamba na dila naye alikuwa na takataka.

Haya, zile chipu zako 5. 7 8 9 ni streti, yaani karata zinazofuatana, na streti kwenye meza hii ina bonasi ya ante. Kipimo kinachotumika sana ni streti unaongezewa 1 kwa 1, karata tatu za namba moja (yaani namba ile ile) 4 kwa 1, streti flashi (zinafuatana na zote ni za rangi moja, mfano zote maua) 5 kwa 1, na bonasi hii inalipwa kwa sababu tu umeshika karata hizo na umeweka plei, dila awe amefikisha au hajafikisha, hata akikushinda bado unalipwa. Kwa hiyo kama meza yako ina kipimo hicho ulitakiwa upate 5 za ante, 5 za bonasi, na plei yako 5 irudi. Wewe umesema umelipwa 5 basi. Kipimo kinachapwa kwenye kitambaa cha meza au kwenye kibao pembeni, siku nyingine usome kabla hujakaa.

Na usidhani lazima ni wizi. Mwenyewe wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa hilo hilo, nililipa ante, nikarudisha plei, mkono ushaenda kuokota karata, mzee mmoja mchezaji wa siku zote wala hakufungua mdomo, aliweka kidole juu ya maandishi ya bonasi pale kitambaani akanitazama tu. Nilisikia masikio yanawaka moto. Ila mzee alifanya jambo la maana sana, aliwahi kabla karata hazijaokotwa. Ukiona malipo hayajakaa sawa sema hapo hapo "subiri", usiguse karata wala chipu, mwombe dila amwite supavaiza. Karata zikiwa bado ziko wazi mezani ni jambo la sekunde kumi, zikishaingia kwenye mashine ya kuchanga itabidi watu wakarudie kamera, na hapo uvumilivu wako ndio unapimwa.

Kitu kingine kinachochanganya waliozoea poka ya karata tano, hapa streti inaipiga flashi, yaani karata tatu za rangi moja zisizofuatana. Sio kosa la uchapaji. Kwa karata tatu streti zipo 720 na flashi zipo 1,096, kwa hiyo iliyo adimu ndio kubwa. Juu ya streti kuna karata tatu za namba moja, zipo 52 tu, na juu kabisa streti flashi, 48. Pea zipo 3,744. Zilizobaki 16,440 ni karata za hovyo ambazo mnapimana kwa ile kubwa, yaani karibu robo tatu ya muda utakuwa umeshika hovyo, izoee hiyo hali.

Sasa lini uendelee. Kumbuka Q 6 4. Ukiwa na Q 6 4 au zaidi weka plei, chini ya hapo tupa. Unapima karata kubwa kwanza, zikilingana unaenda ya pili, halafu ya tatu. Q 7 2 ni kubwa kuliko Q 6 4 kwa sababu 7 imeipita 6, hiyo 2 ya mwisho haina habari, kwa hiyo unaendelea. Q 6 3 unatupa. Q 5 4 unatupa. K 3 2 unaendelea bila hata kuwaza, na hapa ndipo naona watu wanapoteza hela kila siku, mtu anashika kingi na vijikarata viwili vya chini anaona "sina kitu" anatupa. Una kingi bwana! Pea yoyote, hata ya 2, unaendelea.

Kwa nini Q 6 4 na isiwe J 9 8 au K? Watu wengi wameikariri tu, nikuoneshe inapotoka. Chukua raundi 100, ante chipu moja moja. Ukitupa zote umepoteza 100, hilo halina mjadala. Sasa tuseme una takataka isiyoweza kumpiga dila yeyote aliyefikisha kwini, na wewe unaweka plei kila mara. Dila anashindwa kufikisha kama mara 30 na kitu, unapata chipu 30. Zilizobaki karibu 70 anafikisha na unapoteza mbili mbili, kama 139. Jumla uko chini 109. Kutupa ilikuwa chini 100, kwa hiyo takataka ni bora uitupe, unaokoa kama chipu 9. Ili kuendelea kulipe inabidi uzirudishe hizo 9, na kila raundi unayompiga dila aliyefikisha inageuza kutoka kupoteza 2 kuwa kupata 2, yaani tofauti ya 4. Tisa kwa nne, unahitaji kumpiga mara mbili na ushee kati ya 100. Haya, Q 6 4 inampiga dila gani aliyefikisha? Mwenye Q 3 2, Q 4 2, Q 4 3, Q 5 2, Q 5 3, Q 5 4, Q 6 2, Q 6 3, aina nane, kila moja inapatikana kwa njia 60 ukishatoa zile za rangi moja ambazo ni flashi, jumla 480 kati ya 22,100. Piga hesabu, ni mara mbili na ushee kati ya 100. Umeona inavyotua? Hesabu ya kompyuta inaondoa na zile karata tatu ulizoshika mwenyewe, ila jibu linabaki pale pale.

Ukicheza hivyo kasino inabaki na asilimia 3.37 ya ante yako, na kwa kuwa plei nayo ni hela unayoitoa mfukoni, ukigawanya kwa chipu zote ulizoweka mezani inashuka mpaka kama 2. Ukisahau 6 4 ukakumbuka kwini tu, ukawa unaendelea na kwini yoyote, inapanda kidogo sana mpaka 3.45, kwa hiyo usijitese ukachelewesha meza nzima kwa ajili ya Q 5 3. Lakini wale wanaoweka plei bila kufunua karata, wanasema wanampa bahati nafasi, kwao kasino inakula 7.65, zaidi ya mara mbili. Nimewagawia wengi wa aina hiyo, wanachangamsha meza sana, hilo siwanyimi.

Hizo asilimia usizichukulie kwamba ndicho kitakachotokea jioni moja. Raundi 200 za ante chipu moja, kwa hesabu utapoteza kama 7, ila kukuta uko juu 15 au chini 30 ni jambo la kawaida kabisa, na kuongeza ante mara mbili kila ukipoteza hakubadilishi asilimia hata chembe, kunabadilisha tu kasi ya chipu kuisha.

Pea plasi sasa. Ule mduara ni dau la pembeni, halijali dila ana nini, ukipata pea au zaidi unalipwa, ukikosa limeenda. Inafaa au mtego? Inategemea namba moja tu iliyoandikwa mezani, nayo ni malipo ya flashi. Meza nzuri inalipa pea 1, flashi 4, streti 6, tatu za namba moja 30, streti flashi 40. Jumlisha kwa mikono yote 22,100: unalipwa chipu 15,928 na unapoteza 16,440, pengo ni 512, asilimia 2.32. Hiyo haina ubaya. Sasa meza nyingine kila kitu ni hivyo hivyo ila flashi inalipa 3. Chipu moja tu, nani ataona? Lakini flashi ziko 1,096, kwa hiyo pengo linatoka 512 linakuwa 1,608, asilimia 7.28. Kwa meza ya namna hiyo mimi mduara ule nauacha mtupu, narudi kwenye ante yangu. Na jambo moja hapa, ukitupa karata kwa kawaida na dau la pea plasi linaondoka nazo, ila ukiwa na pea huna sababu ya kutupa, kwa hiyo anayeumia ni yule tu ambaye hajaangalia vizuri alichoshika. Nimeshaona mtu anatupa flashi ndogo ya maua kwa sababu alikuwa anatafuta pea, alikuwa na 2 5 9, zote maua. Karata zikishaungana na zilizotupwa hakuna dila atakayekurudishia, hata akikuonea huruma.

Kama umewahi kucheza ile ya karata tano ya Caribbean Stud usichanganye sheria zake na hizi. Kule dila anatakiwa afikishe esi na kingi, na nyongeza yako ni mara mbili ya ante, na hata ukicheza kwa akili kasino inabaki na asilimia 5 na ushee ya ante. Kwa anayejifunza, hii ya karata tatu ni nafuu.

Mwisho namna ya kukaa mezani, maana mgeni anajulikana hapo. Karata zishike juu ya meza, usizishushe mapajani. Ukiamua kuendelea ziweke kifudifudi kwenye nafasi ya plei na chipu juu yake, ukiamua kutupa zisogeze mbele kifudifudi, usizifunue kuwaonesha wenzako ulivyokuwa na bahati mbaya. Na ante ukishaiweka na dila akaanza kugawa usiiguse tena, hata kama ulitaka kuinyoosha tu ikae vizuri, pale juu kwenye kamera mkono unaogusa chipu unaonekana mkono unaogusa chipu.